Mwenye Shimo na Mwenye Kulijua

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, Aliyewagawanyia waja Wake ilimu kama Alivyowagawanyia riziki, asimpe mmoja yote wala asimnyime mmoja yote. Rehema na amani zimshukie Mtume Muhammad, na jamaa zake, na masahaba zake. Ama baad.

Mas'ala yanayotazamwa katika kurasa hizi ni haya. Watu kumi wakishirikiana katika kazi moja, na uhai wa kila mmoja wao ukawa mikononi mwa wenziwe, ni neno la nani lifuatwe? La mwenye mali, la mwenye cheti, au la yule aliyeishi ndani ya kazi ile hata akazijua dalili zake kwa macho na masikio yake? Na kumsikiliza huyu wa tatu, je, ni adabu njema tu, ambayo mtu akiiacha hana lawama, au ni wajibu ambao mtu ataulizwa?

Watu wengi wa Pwani hudhani kwamba jawabu lake ni jepesi. Husema: mwenye chombo ndiye mwenye shauri. Lakini hao hao wasemao hayo wanajua kwamba nahodha akiingia bandari asiyoizoea humchukua rubani, akafuata neno lake, hali ya kuwa chombo si cha rubani wala shehena si yake. Baharini jambo hili halina ubishi, kwani mwamba haumjui mwenye mali. Ubishi huanza mtu akisafiri bara.

Na wasafirio bara kutafuta riziki ni wengi. Nchi ya Shinyanga na Geita imevuta watu kwa dhahabu yake tangu zamani. Mgodi wa Geita ulifanya kazi zama za Waingereza hata ukafungwa mwaka 1966. Kisha makampuni makubwa yakaja, Geita mwaka 2000 na Bulyanhulu mwaka 2001. Kando ya makampuni hayo wako wachimbaji wadogo, maelfu kwa maelfu, wenye sururu, nyundo na kamba. Huko ndiko kijana wa Tanga au wa Lindi huishia, kwani kampuni hutaka vyeti, na shimo la mchimbaji mdogo halitaki illa mikono.

Shimo hilo huitwa duara. Lina mwenye leseni ya ardhi. Lina mwenye duara, atoaye fedha za chakula na kamba na matimba, yaani magogo ya kuegemeza kuta zisianguke. Na lina wachimbaji. Mara nyingi wachimbaji hawa hawana mshahara. Hulipwa kwa fungu katika mifuko ya mawe itokayo chini. Mawe yakitoka na dhahabu, wote hupata. Yasipotoka nayo, wote hulala na deni. Basi siku moja ya kusimama kazi ni khasara ya kila mtu aliyeko pale, na mwenye kusema "leo tusishuke" huwa amegusa mfuko wa kila mmoja wao.

Hapa ndipo ulipo mzizi wa jambo. Katika kila duara hapakosi mtu mmoja aliyechimba miaka mingi. Pengine hajui kusoma. Lakini anajua kwamba timba likianza kulia usiku, mzigo ulio juu yake umehama. Anajua kwamba maji yakitoka mahali palipokuwa pakavu jana, pana njia imefunguka ndani ya ukuta, na kwamba kokoto chache zikidondoka zenyewe bila nyundo ni salamu ya mwamba. Anajua mashimo ya zamani yalikuwa wapi, yale yaliyoachwa na wenyewe na kujaa maji, ambayo hayaonekani tena juu ya ardhi wala hayamo katika ramani. Akiona taa yafifia au kifua chabana, anajua hewa imekwisha. Hayo yote hakuyasoma. Ameyanunua kwa miaka yake, na mengine kwa maiti za wenziwe.

Naye, mara nyingi, hunyamaza.

Hunyamaza si kwa kukosa kujua. Hunyamaza kwa sababu akisema na mwamba usianguke, ataitwa mwoga, au mwenye mkosi, na kesho duara halitampokea. Hunyamaza kwa sababu kiongozi wa zamu ni kijana wa mwenye duara, na kumkosoa mbele ya watu ni kumvunjia heshima baba yake. Na ikiwa yeye ni Msukuma wa kijijini na msimamizi ni mtu wa Pwani mwenye maneno laini, hunyamaza pia kwa sababu amekwisha kudharauliwa. Watu wa Pwani wana majina ya kumwitia mtu wa bara ambayo hayafai kuandikwa katika karatasi kama hii. Nayo majina hayo yamewaua watu.

Khabari za khatari hizi si za kubuni. Mwezi wa Oktoba mwaka 2015 huko Nyangalata, pande za Kahama, shimo liliporomoka likawafungia wachimbaji sita. Watu wa juu walikwisha kukata tamaa. Wachimbaji wenzao wakasikia sauti zao, na baada ya siku 41 watano wakatolewa hai; waliishi kwa mizizi na wadudu na maji ya chini ya ardhi. Januari 2017 watu 15 walifukiwa katika mgodi wa RZ huko Nyarugusu, wilaya ya Geita, wakaokolewa wote kwa uwezo wa Mungu. Agosti 2025 watu 25 walifungiwa chini huko Nyandolwa, wilaya ya Shinyanga. Lakini lililo karibu zaidi na mas'ala haya ni lile la Bariadi, mkoa wa Simiyu ulio jirani, Januari 2024, ambapo watu 22 walikufa kwa kuangukiwa na udongo. Mkuu wa wilaya alieleza kwamba mahali pale palikuwa pamekatazwa kwa sababu ya mvua kubwa, na kwamba walioingia walikuwa vijana wa baina ya miaka 24 na 38. Onyo lilikuwapo, kilichokosekana ni sikio. Wala si vigumu kuona kwamba katika umri ule uliotajwa hamna mzee hata mmoja.

Sasa lazima lisemwe neno juu ya hadithi ambayo watu huisikia nusu. Imepokewa na Bukhari na Muslim kutoka kwa Abu Huraira, na maana yake ni kwamba anayekufa katika machimbo hana dia. Maulamaa wameieleza: mtu akiajiri wachimbaji katika ardhi yake, au katika ardhi isiyo na mwenyewe, kisha machimbo yakawaangukia pasipo yeye kufanya ujeuri, hatatozwa dia yao. Mwenye duara akiisikia hukumu hii huona amepumzika. Husema: sharia yenyewe imeniachilia, na ajali ni kadari ya Mungu.

Amekosea mara mbili. Kwanza, hukumu ile yahusu ajali isiyo na ujeuri. Mtu aliyepewa khabari na ajuaye kwamba timba limepasuka, akaificha khabari ile akawashusha watu kwa kuwahadaa, hayumo katika mfano uliotajwa na maulamaa. Na jinsi kadhi atakavyomhukumu ina tafsili yake vitabuni. Pili, na hili ndilo kubwa, dia ni jambo moja na dhambi ni jambo jingine. Kuondolewa malipo mbele ya kadhi si kuondolewa swali mbele ya Mola. Sharia imemwondolea malipo kwa sababu kazi ya machimbo ina khatari kwa asili yake, na lau kila ajali ingelipwa pasingekuwa na mtu wa kuchimba. Haikumwondolea ili apate kuziba masikio. Ama kadari, kila mtu anaiamini, na aliyefunga ngamia wake anaiamini zaidi.

Itasemwa: mwenye duara ana haki ya shauri katika mali yake, na ujuzi wa mtu asiyesoma si ilimu. Neno hili la pili ndilo linalowapendeza zaidi waliokaa chuoni, kwa hiyo linataka jawabu refu kidogo.

Katika vita vya Khandaq, mwaka wa 5 wa Hijra, maadui walikuja Madina kwa idadi ambayo Waislamu hawakuweza kuikabili uwanjani. Aliyetoa shauri la kuchimba handaki ni Salman Mfarsi. Na atazame msomaji hali ya Salman siku ile. Alikuwa mgeni asiye na kabila. Alikuwa ametoka utumwani karibuni, na vita vilivyotangulia vilimpita kwa sababu ya utumwa huo. Alilolileta halikuwa aya wala hadithi. Lilikuwa jambo aliloliona kwao Uajemi, ambako watu walichimba handaki wakizungukwa na adui. Waarabu hawakuwa na desturi hiyo, na hata neno lenyewe, ambalo Waswahili nao wamelirithi, Waarabu walilipokea kwa Waajemi. Lakini Mtume, ambaye wahyi ulikuwa ukimshukia, alilichukua shauri la mtumwa wa jana, akawagawia watu sehemu za kuchimba, na mwenyewe akabeba mchanga. Ndipo Muhajirina na Ansari wakashindana juu ya Salman, kila kundi likidai kwamba ni wao.

Yako pia yaliyopokewa na Muslim katika khabari ya kupandisha mitende, ambapo Mtume alitoa rai, wakulima wakaifuata, mazao yakapungua, naye akawarudishia wao mambo ya dunia yao. Wenye kutafakari katika khabari hii huona adabu kubwa: kwamba mtende una watu wake.

Na ikiwa mtu atasema kwamba hayo ni mambo ya vita na kilimo, si ya fikihi, basi na aufungue mlango wa hedhi katika kitabu chochote cha madhhabu ya Shafi'i anachokisomesha. Uchache wa hedhi ni mchana na usiku wake, na wingi wake ni siku kumi na tano. Imepatikana wapi hesabu hii? Si katika aya, wala si katika hadithi iliyo wazi. Imepatikana kwa istiqrai: Imamu Shafi'i, Mungu amrehemu, alitafuta khabari za wanawake, yale wanayoyaona katika miili yao, akajengea juu yake hukumu ya Sala na Saumu. Wanawake wale hawakuwa maulamaa. Walikuwa wakijua kwa kuishi. Basi mwanachuoni anayesomesha mlango huu asubuhi, kisha jioni akasema kwamba mchimbaji asiyesoma hana ilimu ya shimo lake, ajue kwamba ameubomoa ukuta alioegemea.

Nchi ya Shinyanga yenyewe ina ushahidi wake, tena si wa chini ya ardhi. Wafugaji wa Kisukuma walikuwa na desturi iitwayo ngitili. Ni kipande cha malisho kinachofungwa wakati wa mvua, ng'ombe wasikiguse, ili majani yasimame hata kiangazi kikali kije, ndipo kifunguliwe kidogo kidogo. Ndani yake miti huota yenyewe kwa visiki na mbegu zilizomo ardhini. Kisha yakapita mambo mengi. Miti ilikatwa kwa kufukuza ndorobo na kwa mashamba ya pamba, mifugo ikazidi, na miaka ya sabini watu wakahamishiwa katika vijiji, wakaziacha ngitili zao mbali. Nchi ikawa vumbi.

Mwaka 1986 serikali ilianza kazi ya hifadhi ya ardhi Shinyanga, iliyoitwa kwa ufupi HASHI. Mabwana misitu walianza kama walivyofundishwa: vitalu na miche, na miche mingi ilikuwa ya miti ya kigeni. Matunda ya kazi hiyo yalikuwa madogo. Ndipo wakarejea kwa wafugaji, wakauliza wao walikuwa wakifanyaje. Wazee wakasema: ngitili. Ngitili zilizohesabiwa mwanzoni zilikuwa kiasi cha hekta 600 tu. Baada ya miaka kumi na mitano hivi zilikuwa zaidi ya hekta 300,000, na mwaka 2002 kazi hiyo ikapewa tunzo na Umoja wa Mataifa. Wataalamu hawakutupwa, walipima, wakaandika, wakazuia magomvi ya mipaka. Wazee hawakuwa wapagazi. Walikuwa ndio wenye asili ya jambo. Msomaji wa Pwani aliyezoea kusikia kwamba bara hakuna elimu na apitie kule wakati wa kiangazi atazame.

Inafaa kuangalia kwa nini ilichukua muda. Jambo lile lilikuwa na jina katika lugha ya wazee, wala halikuwa na jina katika ofisi. Mzee alipokaa kikaoni alingoja aulizwe, kwani kwa adabu ya kwao mtu hajitangazi. Na ofisa hakuuliza, kwani kwa desturi ya ofisi asiyesema hana la kusema. Wote wawili walikuwa na adabu, na ardhi ikaendelea kukauka baina yao.

Lakini haki haisimami kwa upande mmoja. Si kila analosema mwenye mvi ni tajriba. Katika nchi hiyo hiyo ya dhahabu wako waganga wanaowaambia wachimbaji kwamba mali hupatikana kwa kafara, na kwa uwongo huo watu wenye ualbino wameuawa pande za Shinyanga, Mwanza na Geita, na mauaji hayo yakatangaa sana baada ya mwaka 2006. Waganga wale pia husema, "Tangu zamani ndivyo." Basi ipo mizani gani? Mizani ni kuonyesha. Mwenye tajriba akisema ukuta utaanguka, hukuchukua akakuwekea mkono juu ya ufa, akakwambia sikiliza. Ukimwuliza kwa nini, anayo sababu. Na siku asipopata, hukubali. Mganga haonyeshi kitu, na asipopata husema kafara ilikuwa ndogo. Huyo wa kwanza ni shahidi, na wa pili ni mwizi. Tena wa pili huyu akiamrisha damu ni mwuaji.

Na tajriba ya kweli nayo ina mwisho wake. Wachimbaji wa miaka mingi huchanganya zebaki kwa mikono mitupu na kuichoma motoni karibu na watoto, wakasema: tumefanya hivi siku zote na tungali hai. Hawasemi uwongo. Lakini madhara ya zebaki huja polepole, mikono hutetemeka na akili huchoka baada ya miaka, na jicho lililozoea kuona ukuta ukianguka kwa dakika moja halikuumbwa kuona sumu inayotembea miaka kumi. Hapo tabibu na kitabu chake ndio wajuao, na mzee wa duara ndiye wa kusikiliza. Khatari ya haraka huijua aliyeishi nayo. Khatari ya polepole huijua aliyehesabu.

Imebaki haki ya upande wa pili, yaani wajibu wa yule ajuaye. Watu humhurumia kwa kuwa amedharauliwa, na huruma hiyo ni ya haki. Lakini haimwondolei wajibu. Maulamaa wa madhhabu wamesema katika mlango wa biashara: muuzaji lazima aonyeshe kasoro ya bidhaa yake, na si muuzaji peke yake, bali hata mtu mwingine apitaye, akiijua kasoro ile, imempasa kumwambia mnunuzi. Ikiwa sharia imemlazimu mpita njia aseme juu ya nyufa za chungu, itakuwaje kwa mtu aliyesikia timba likilia na chini yake wamo watu saba? Kuvunjiwa heshima si udhuru. Hofu ya njaa ni nzito zaidi, na kwa sababu hii mzigo wake haumwangukii yeye peke yake: aliyeupanga mgawo wa mifuko kwa namna ambayo mkweli hulala na njaa ana fungu lake katika ukimya ule.

Kwa hiyo wenye duara wanaomcha Mungu na wafanye mapatano kabla ya kamba ya kwanza kushushwa, kama washirika wanavyoandikiana kabla ya safari. Ateuliwe mtu ajuaye, kwa jina lake, hata kama hana senti moja katika duara, kama vile sharia inavyomteua mkadiriaji wa tende mtini kwa ajili ya Zaka: mmoja mwadilifu na mjuzi hutosha, na mwenye shamba mkubwa hufuata hesabu yake. Kabla ya kila zamu aulizwe mbele ya wote, hata kama hana la kusema, ili siku atakapokuwa nalo isionekane ni ajabu. Mgeni aliyefika jana naye aulizwe alikotoka aliona nini, kwani huenda amekwisha kufukiwa kwingine akatoka. Akisema "tokeni", watoke kwanza na ubishi ufanyike juu. Na siku hiyo ya kusimama ihesabiwe kuwa siku ya kazi: chakula kitoke, na mifuko itakayopatikana baadaye igawanywe na fungu lake likiwamo, sawasawa na la waliotaka kushuka, ijapokuwa mwamba haukuanguka.